Kumwachisha Elia, Kwenda Dwarka

Kimandolu, Arusha
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu, shikamoo.

Nisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu. Najua umeshakasirika mpaka hasira ikapoa yenyewe, ukabaki unamuuliza Samweli tu kama dada yake yuko hai. Niko hai. Sababu nzuri ya kukupa sina. Kila Jumapili nilikuwa natoa daftari, naandika "Mama mpendwa," halafu Elia analia, au mvua inanyeshea nguo nje, au nakaa tu naiangalia ile karatasi mpaka naona aibu, nafunga daftari. Nimechana kurasa nne. Hii ya tano nitaimaliza hata mwandiko ukiwa mbaya.

Mguu wako unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyopewa zahanati, unachua kweli au umeiweka kabatini? Alizeti mmeshavuna? Samweli aliniambia kideri kimemaliza kuku wote, amebaki yule jogoo mweupe peke yake. Nilicheka, halafu nikamwonea huruma.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu yetu ya mwisho ilikwenda vibaya. Wewe ulikuwa umesimama pale juu ya jiwe ambapo mtandao unashika, upepo unavuma, na mimi nilikuwa sokoni nimembeba mtoto mgongoni na mfuko wa nyanya mkononi. Nikasema, "Mama, Bibi Hansa anataka nimsindikize India, kwenye hekalu lao." Ukasema, "Sikumlea Tabitha ili akasujudie mawe." Ikakata. Sikujua kama ni mtandao uliokata au ni wewe. Mpaka leo sijui, na sikuulizi. Lakini kuna mambo sikukuambia siku ile. Mengine sikuwa nayajua. Moja nilikuficha. Vaa miwani, kaa chini, usome mpaka mwisho ndipo ukasirike upya.

Bibi Hansa nilishakueleza kidogo, kwamba ndiye ninayemfanyia kazi. Ni mjane, anaishi peke yake kwenye nyumba yenye vyumba vitano, na mwanawe wa pekee yuko Uingereza. Asubuhi nafika na Elia mgongoni, napika, nafua, namsaidia kuoga, namsomea majina ya dawa kwa kuwa macho yake hayaoni maandishi madogo. Jioni narudi chumbani kwangu. Hali nyama wala yai, wala kitunguu siku nyingine, na jikoni kwake siingii na viatu. Nilizoea. Ni Mhindi, lakini alizaliwa huku, kwenye miteremko ya Mlima Meru, sehemu inaitwa Akheri, ambako baba yake alikuwa na duka la nguo na chumvi. Kimeru anakijua kuliko mimi ninavyokijua Kinyiramba, usinicheke.

Baba Elia hajarudi kutoka machimboni. Alipiga simu mara moja, akasema akipata atakuja. Sitaki kuandika zaidi juu yake, karatasi ni chache.

Sasa hilo hekalu. Liko mji unaitwa Dwarka, kando ya bahari, huko Gujarati walikotoka mababu zake. Juu ya mnara wake kuna bendera ndefu sana ya kitambaa, na bendera hiyo inabadilishwa mara kadhaa kila siku. Kila bendera inatolewa na familia moja, na familia zinajiandikisha, zinangoja zamu. Bibi Hansa amengoja zaidi ya mwaka. Zamu yake imetoka, ni baada tu ya Krismasi, na haisogezwi. Wanaopanda mnarani kuifunga ni watu wa kazi hiyo. Mwenye kuitoa kazi yake ni kukibeba kitambaa hicho kichwani, miguu peku, apande nacho ngazi kutoka kwenye mto unaoingia baharini pale mpaka hekaluni.

Mwanawe alimwambia kwenye simu, "Mama, nitakutafutia kiti cha magurudumu na watu wa kukubeba." Akamjibu kwa Kiswahili, makusudi, ili na mimi nisikie: "Nikibebwa, aliyekwenda atakuwa ni kiti."

Basi tukaanza mazoezi. Ungemwona ungecheka mpaka mguu upone. Alikunja shuka, akaliweka kichwani, akaanza kupanda ngazi za nyumbani kwake. Ngazi ya tatu shuka likaanguka, sari nayo ikalegea, akashika ukuta akaniambia, "Wewe Tabitha, umebeba ndoo tangu utoto. Unanitazama tu?" Nikachukua kitambaa cha jikoni, nikakisokota kata, vile vile ulivyonifundisha tulipokuwa tunateka maji kisimani, mviringo mdogo unaokaa katikati ya utosi. Nikamwekea. Nikamwambia asiangalie miguu, aangalie mbele, shingo ijifanye haina habari. Alipanda ngazi zote kumi na mbili. Alipofika juu akanigeukia akasema, "Mama yako ndiye alikufundisha hivi?" Nikasema ndiye. Akasema, "Mwambie mwanafunzi wake ni mzee lakini ana akili." Kwa hiyo nimekwambia.

Hapo alikuwa hajaniomba niende naye. Aliponiomba, nilikataa. Nilisema Elia bado ananyonya, nikasema wewe hutapenda, nikasema kanisani watanisema. Hakubishana na mimi. Alisema tu, "Basi nisaidie mazoezi."

Ngazi za nyumbani zikawa rahisi. Akataka mlima. Jumamosi tukawa tunakodi gari la jirani, tunapanda hadi Akheri, tunashuka barabarani, anavua viatu ananipa nivishike, tunaanza kupanda kijia katikati ya migomba na kahawa. Yeye mbele na shuka lake kichwani, mimi nyuma na Elia mgongoni na viatu vya watu wawili mkononi, maana na mimi niliona haya kuvaa viatu nyuma ya mzee aliye peku. Watu wanaochuma kahawa walituita, "Mama, viatu vimekukosea nini?" Naye anawajibu kwa Kimeru, wanacheka wanashika matumbo. Jumamosi ya kwanza tulifika kwenye mfereji wa maji tu. Ya pili tukafika kanisani. Ya tatu tukafika kwa Koko Anaeli.

Koko ndivyo wanavyoita bibi huku. Koko Anaeli ni rafiki wa Bibi Hansa tangu wakiwa watoto. Walicheza pamoja nyuma ya lile duka. Alituona tunakuja akasimama mlangoni ameshika kiuno.

"Wee binti wa dukani! Nilisikia umekufa."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Kwa kutoniona miaka miwili, nikajua umekufa. Mtu mzima hawezi kukosa adabu kiasi hicho."

Wakakumbatiana muda mrefu mpaka mimi nikatazama pembeni. Mama, wakati ule nilitamani sana kuwa na mtu wa kunitukana hivyo. Hapa Kimandolu jirani zangu ni watu wazuri, tunasalimiana, tunaazimana jiko, lakini hakuna aliyenijua nikiwa mdogo. Siku nyingine namaliza siku nzima, mtu pekee aliyeita jina langu ni Bibi Hansa, tena ananiitia chumvi. Jumapili narudi kutoka ibadani, nafunga mlango, naongea na Elia. Ananijibu "taa", kwa sababu ndilo neno analolijua.

Turudi kwa Koko. Alikuwa ametupikia ndizi na maharage, bila nyama, sufuria nzima, kwa ajili ya rafiki yake. Akapakua sahani imejaa, akamwekea mbele. Bibi Hansa akaisukuma polepole. Akasema, "Nipe chai tu."

Koko akaangalia sahani, akamwangalia. "Sijaweka nyama."

"Najua."

"Hata mafuta ya ng'ombe sijaweka. Sufuria nimeisugua kwa majivu mara mbili."

"Najua, Anaeli. Siwezi."

"Tangu lini Mhindi wa Akheri akakataa ndizi? Umekulia kwenye ndizi hizi! Mama yako alikuwa anakufukuza nyumbani kwetu na fimbo ukiwa na ndizi mdomoni! Au siku hizi mkono wangu una uchafu?"

Mama, nilitamani ardhi inimeze. Unajua mtu akikataa chakula cha mwenyeji inavyokuwa, na kwa Wameru ni vile vile. Mimi mwenyewe nilikuwa na hasira na Bibi Hansa, maana hata kwake alikuwa ananifanyia hivyo. Mwaka mzima na zaidi nikipika ndizi anasema hana hamu, nikimmenyea mbivu anasema mpe mtoto. Nilidhani ni maringo ya uzee. Elia amenenepa kwa ndizi za Bibi Hansa, na mimi huku nanung'unika jikoni.

Wakaanza kusemezana kwa Kimeru. Koko anapaza sauti, mwenzake anajibu chini chini. Mimi sielewi neno, nalisha mtoto. Mara Koko akageuka. Akamtazama Elia. Akaja, akamchukua kutoka magotini pangu bila kuniomba, akamtemea mate kidogo kwenye paji la uso, ndivyo wazee wa huku wanavyobariki, usishtuke. Halafu akaniambia kwa Kiswahili:

"Wewe binti, hujui? Huyu mtoto wako ndiye aliyemnyima ndizi."

Bibi Hansa akasema, "Anaeli, nyamaza."

"Sinyamazi. Umenitukania chakula changu mbele ya mgeni, naye ajue kwa nini."

Sasa Mama, hapa ndipo lile nililokuficha.

Elia alipokuwa na miezi miwili nilikuambia ana mafua. Hayakuwa mafua. Ilikuwa nimonia. Alikuwa anapumua mbavu zinaingia ndani, midomo imebadilika rangi, na hospitalini walimwekea mpira wa hewa puani, tukalazwa siku sita. Siku ya tatu daktari aliniambia niwaite ndugu. Sikukuita. Nilijiambia una mguu, nauli huna, utafika umechelewa, utalia njia nzima ndani ya basi ukiwa peke yako. Nikakuambia mafua. Ukanielekeza nimpe maji ya moto yenye ndimu, nikasema asante Mama. Nimebeba jambo hilo mpaka leo. Kila nikitaka kukuandikia ndilo linalokaa mbele ya kalamu. Nisamehe. Kama angeondoka bila wewe kujua hata kuwa anaumwa, nisingeweza kukutazama tena.

Aliyekuwa pale ni Bibi Hansa. Alikuja na taksi kila asubuhi, akakaa kwenye benchi nje ya wodi na chupa yake ya chai, anahesabu shanga zake, midomo inacheza. Nilidhani anajiombea afya yake. Kumbe ile siku ya tatu, pale pale kwenye benchi, alimwahidi Mungu wake wa Dwarka kwamba mtoto huyu akipona atapeleka bendera kwa miguu yake mwenyewe, na mpaka siku atakapoifikisha hataweka ndizi mdomoni. Wao ndivyo wanavyoweka nadhiri, mtu anaacha kitu anachokipenda kuliko vyote. Na yeye, mtoto wa Akheri, alichokipenda ni hicho.

Tulipokuwa tunashuka nilimuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

Akasema, "Ningekuambia, ungenibeba mgongoni mpaka India kwa kuona haya. Mimi nataka mtu wa kunishika mkono."

"Sasa nimejua."

"Umejua, na bado unaweza kukataa. Mshahara wako ni ule ule. Twende, kutanyesha."

Nikatembea nyuma yake. Nyayo zake zilikuwa zimechubuka. Tukafika kwenye gari. Pale nikamwambia nitakwenda.

Mama, mimi si mtoto wa kudanganywa na bendera. Nimebatizwa Iramba, wewe ndiye ulinishika, na nitazikwa hivyo hivyo. Elia alipona kwa Mungu tunayemwomba sisi, na kwa dawa. Bibi Hansa anaamini vingine na sibishani naye, maana siku ile mimi nilikuwa siwezi hata kuomba, nilikuwa namtazama tu mtoto. Yeye aliomba. Siwezi kumwacha apande zile ngazi ameshikwa na mtu aliyeajiriwa juzi, asiyejua hata kwamba goti la kushoto ndilo linalomsaliti.

Nilikwenda pia kwa mchungaji, ili usiseme nimejiamulia mwenyewe. Akaniuliza, "Unakwenda kuabudu?" Nikasema nakwenda kumshika mkono mzee. Akafikiri, akasema, "Basi mshike vizuri, ana miaka mingi huyo." Akaniombea. Bibi Hansa naye amesema wakinizuia mlangoni ana jamaa zake Gujarati watakaoingia naye, na mimi nitakaa nje nilinde viatu. Nimesema sawa. Hiyo kazi ya viatu nimeshaizoea.

Kwa hiyo ninachokuomba si ruhusa. Nasema kwa heshima, Mama, na nimepiga magoti ninapoiandika, lakini nakwenda. Ninachokuomba ni kikubwa zaidi ya ruhusa. Naomba umpokee Elia.

Ana mwaka mmoja na miezi minne. Kwetu mtoto akiachishwa ziwa anakwenda kukaa kwa bibi yake asahau, na mimi mwenyewe ulinipeleka kwa bibi nikiwa na umri huo. Nimeanza kumpunguzia mchana, sasa ananyonya asubuhi na kabla ya kulala tu. Anakula kila kitu, anapenda maharage, anaogopa mbwa, akisikia kwaya anacheza kwa mabega. Nitamleta mwenyewe. Sitampa kondakta wala jirani. Nitakaa wiki nzima nyumbani mpaka akuzoee, halafu nitaondoka akiwa macho, nimuage. Sitaki kumtoroka. Nitakuwa mbali naye karibu mwezi na nusu, ukihesabu siku za kushughulikia viza huku mjini na zile wiki tatu za safari.

Mwezi na nusu si mrefu kwa mtu anayehesabu kwenye kalenda. Lakini wewe hujawahi kumwona isipokuwa kwenye simu ya Samweli, na yeye hakujui. Na mimi nikishakuachia nitarudi kwenye chumba hiki ambacho hakina mtu mwingine. Nimekijaribu mara moja. Jirani alimchukua Elia kucheza saa nzima, nikakaa kitandani, nikasikia jinsi chumba kilivyo kimya, matiti yakaanza kuvuja. Nikatoka nikamfuata. Nakuambia hili ili usidhani kwamba naona rahisi. Usije ukamwambia mtu kwamba Tabitha amemtupia mama yake mtoto akaenda kutembea Ulaya. Kwanza si Ulaya.

Ukikataa, sitakwenda. Hilo nimeshamwambia Bibi Hansa, akaitikia kwa kichwa tu, akaendelea kupanda ngazi. Bila wewe hakuna mtu mwingine ninayeweza kumwachia. Sikuandikii hivi ili kukubana. Ni kweli tu. Jibu lako nalingoja, na usilitume kwa simu ukiwa juu ya lile jiwe. Mpe Samweli aandike, au andika mwenyewe, hata mistari miwili.

Nisalimie Samweli, mdogo wangu, mwambie aache kumfukuza yule jogoo, ndiye tuliyebaki naye. Nisalimie mama mdogo Rebeka aliyenishonea sare ya shule, na baba mkubwa mwenye mashine ya kukamua alizeti, na mama yake Ndalu jirani yetu anayekuletea maji mguu ukikusumbua. Mwambie namkumbuka kwa jina ninapoomba. Wazee wote wa kwaya, shikamooni.

Mimi mwanao ninayekusumbua hata nikiwa mbali,
Tabitha

Vitu ninavyohitaji viko hapa chini, nimeviandika peke yake ili Samweli asome bila kutafuta. Ukikubali, avifunge vizuri kwenye bahasha ya kaki na mfuko wa plastiki, avitume na basi la Alhamisi, aandike namba yangu ya simu juu kwa kalamu nzito.

Cheti changu cha kuzaliwa, kiko kwenye lile sanduku la bati chini ya nguo za marehemu baba. Ni kile halisi, nakala hawaikubali kwenye pasipoti.

Kiapo cha kuzaliwa kwako wewe, Mama, kwa kuwa huna cheti. Samweli akupeleke kwa hakimu mjini, na muende asubuhi mapema kabla foleni haijawa ndefu.

Barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri, inayosema mimi ni mtoto wako.

Sweta la bluu nililoliacha, kama panya hawajalimaliza. Huko wakati huo asubuhi kuna baridi.

Na kitenge chako kimoja, kile unacholalia. Usikifue. Nitamtandikia Elia alale juu yake kuanzia siku kitakapofika, ili nikimleta awe tayari anaijua harufu yako.